Mwaka Nilipokuwa Mnyamwezi

Simu iliita nikiwa napepeta mchele, na kabla sijaipokea moyo ulikwishaniambia. Kwa mtu wa umri wangu simu za asubuhi hazina habari njema siku hizi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa rafiki yangu Tabu, yule anayegomboa mizigo bandarini Kurasini. Akaniamkia, kisha akasema mama yake amefariki alfajiri na wanazika leo baada ya alasiri. Nikamwambia Mungu awape subira. "Ahsante, mama mtani," akasema. "Ila kuna ishu. Mama alituachia neno, asitolewe mlangoni mpaka uwepo. Sasa sie tunakusubiri wewe, na foleni ya kutoka Kawe unaijua." Nikamjibu nakuja, nikauweka ungo chini, mchele nusu haujapepetwa. Uzito haukuwa wa msiba peke yake, maana Tabu alikuwa ameugua muda mrefu na tulikwishaagana kwa namna yetu. Kilichonitisha ni kazi niliyoitiwa. Mtani msibani huvaa nguo za marehemu na kumwigiza, hukaa mlangoni kuzuia jeneza, humtukana maiti mbele ya watoto wake, na wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka. Lakini wajukuu wa Tabu, hao wenye simu za kurekodi kila kitu, wanayajua hayo? Na mimi mwenyewe, nina haki gani? Swali hilo nimelibeba zaidi ya miaka arobaini, na nililiokota katika nyumba hiyohiyo ninayoitwa leo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na moja, nasomea uhazili. Ulikuwa mwaka wa foleni na unga wa njano, mtu akipata kipande cha sabuni anakificha sandukuni kama hirizi. Chumba cha kwanza nilipanga Kinondoni kwa mama mmoja mwema, Mkristo mwenzangu kutoka bara, ambaye siku ya pili aliniuliza kabila langu. Nikamjibu lile lililoandikwa kwenye karatasi zangu zote tangu darasa la kwanza: Mang'ati. Sikuwa na jingine la kumpa mtu wa mjini. Lile tunalojiita wenyewe, Datoga, nililiacha nyumbani pamoja na ng'ombe na lugha yake, kwa sababu hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza. Mama yule akanikaribisha chakula. Lakini jioni nilimsikia uani akimweleza mumewe kwamba hao ndio wale wa mikuki, wanaoua mtu ndipo waoe, na wiki haikwisha binti yake mdogo aliyekuwa akilala chumbani kwangu akahamishiwa kwa bibi yake. Kisha visu vya jikoni navyo vikahama. Nilikuwa nikikata mchicha kwa kisu, siku moja nikakuta pale kilipokuwa pana kijiko. Hakuna aliyenifukuza. Nilifunga mzigo wangu mwenyewe, nikiwa nimemkasirikia yeye, na nimelikasirikia zaidi lile neno lililokuwa likinitangulia kila mlango ninaobisha.

Ndivyo nilivyofika Temeke kwa Bi Mwanahawa, Mzaramo, mjane mwenye nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Nilimkuta uani anakuna nazi. Aliniangalia juu mpaka chini na hata mzigo sijautua akaniuliza, "Kabila gani wewe?" Nikasema Mnyamwezi. Uongo ulinitoka kama chafya. Nilikuwa nimesoma Tabora miaka minne, nilijua kuamkia na kunung'unika kwa Kinyamwezi, na nilidhani nimechagua jina lisilomtisha mtu. Sikujua nimechagua jina gani mbele ya mtu gani. Bi Mwanahawa aliweka mbuzi ya nazi kando, akainuka, akaufungua mzigo wangu bila kuomba ruhusa, akatoa kitana changu cha mbao na kukichomeka kichwani kwake. "Mtumwa wangu huyu kaja kwa miguu yake mwenyewe," akamwita bintiye aone. "Kitana hiki changu. Ukikitaka, nenda kanishitaki kwa chifu wenu." Binti huyo ndiye Tabu, rika langu, na alicheka mpaka akakaa chini.

Tabu ndiye aliyenieleza, akishangaa kwamba Mnyamwezi mzima sijui. Zamani za misafara watu wa bara waliteremka pwani na mizigo vichwani, wakagombana na Wazaramo njiani, wakapatana, na tangu hapo ni watani: wanatukanana bila kukasirika, wananyang'anyana vitu bila kuitana wezi, na akifa huyu yule ndiye anayeshughulika na mazishi. Nami nikaingia. Nawaambia kweli, sijapata kufurahi kama miezi ile ya kwanza. Nikirudi kutoka chuoni nakuta Bi Mwanahawa ameficha viatu vyangu. Nikimaliza kusonga ugali ule wa njano anauonja na kusema watumwa wa mwaka huu hawana mikono. Nami nilijifunza kujibu, nikawa namwambia Wazaramo wamekula nazi mpaka akili zimegeuka machicha, naye anacheka na kunisogezea kisamvu kilichobaki chunguni. Kule Kinondoni waliniheshimu wakaniogopa. Hapa nilitukanwa asubuhi na jioni nikanenepa.

Raha hiyo ilikuwa na mdudu ndani yake. Kila tusi lilikuwa linanikumbusha kwamba si langu. Pembeni mwa jicho langu la kushoto nina chale ndogondogo, mwanzo wa ule mduara ambao wanawake wa kwetu huchanjwa kuzunguka macho. Wangu haukumalizwa, shule ilifunguliwa. Nilizoea kuzipaka poda, na aliyeuliza nilimwambia nilianguka utotoni. Nikaanza kuamka kabla ya wenzangu ili nijipake kabla sijaonwa. Nikaanza kukwepa Wanyamwezi wa kweli. Palikuwa na fundi baiskeli wa Tabora mtaa wa pili, nami nilikuwa nazunguka njia ndefu nisipite kibandani kwake. Mwongo hachoshwi na kusema, huchoshwa na kukumbuka alichosema.

Aliyenikosesha usingizi hasa ni Mzee Salehe, kaka mkubwa wa Bi Mwanahawa, aliyekaa chumba cha mbele. Enzi za Mwingereza alikuwa karani wa bomani huko bara, na hata uzeeni alifunga shati mpaka kifungo cha shingo na kuchomeka kalamu mfukoni. Mimi ndiye niliyempelekea chai na chapati za maji asubuhi. Siku za mwanzo aliniuliza Mnyamwezi wa wapi. Nikasema wa Tabora. "Tabora mji," akasema taratibu. "Mie nimekuuliza wa wapi." Nikajibu Unyanyembe, jina la kwanza lililonijia, naye akanitazama usoni, upande wa kushoto, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akachovya chapati.

Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa. Anayeongea chumba cha mbele husikika chumba cha nyuma, na ukishazoea unaishi na siri za watu kama unavyoishi na kuku wao. Jumamosi moja nikiwa napiga pasi, nilimsikia Mzee Salehe akimsimulia dada yake kazi yake ya zamani. Alisema daftari la kodi lilikuwa na nafasi ya jina, ya baba, ya kijiji na ya kabila, na ile ya kabila Bwana Mkubwa hakutaka iachwe tupu. Mtu akija akasema mimi ni wa mlima fulani, au wa ukoo fulani, Bwana anajibu mlima si kabila, mtafutie la karibu. Wengine walipewa jina la boma lenyewe. Wengine walipewa jina walilotajwa na majirani zao, na jirani gani humtaja mwenzake kwa wema? "Nimewagawia watu makabila, Mwanahawa," akasema, "kama viatu vya msaada. Kikikubana, ndo hicho hicho." Bi Mwanahawa akamuuliza, kwa kicheko, na sie nani alitugawia. Sikusikia jibu. Pasi ilikuwa imeunguza kola ya blauzi yangu ya chuo, na ilibidi niimwagie maji haraka.

Baada ya wiki chache Mzee aliniita. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu na wino wa zamani unafifia, alitaka nimpigie chapa daftari lake dogo ili mjukuu wake aje ajue babu alifanya kazi gani. Nililipeleka chuoni. Ilikuwa orodha ya makabila ya wilaya zote alizotumikia, na mbele ya kila jina, kwa penseli, ameongeza mwenyewe baadaye nani alilitoa. Wanyamwezi: jina la watu wa pwani, kwa kuwa walitoka magharibi, upande unaoandama mwezi. Wambulu: jina la boma, wenyewe hujiita Wairaqw. Nikapiga mstari kwa mstari, vidole vinakwenda vyenyewe, mpaka nikafika palipoandikwa Mang'ati. Mbele yake hapakuwa na kitu, penseli ilikuwa haijagusa pale. Nawaapia sikufikiri. Niliona nafasi tupu na mimi najua cha kuijaza, nikapiga: "Datoga. Mang'ati ni neno la Wamasai, maana yake adui." Nikaendelea na mstari unaofuata. Nilikuja kushtuka nimekwishamkabidhi karatasi, naye ameinama, anafuata mistari kwa kidole, na kidole kimesimama.

"Neno hili umelitoa wapi?" akaniuliza. Nikasema shuleni. Akavua miwani. "Shule haifundishi neno hili, binti. Mie nimekaa kule miaka sita, nimewaandika adui wazee kwa watoto, na jina lao lenyewe nilikuja kulisikia mwaka ninaondoka. Nikaona haya hata kulitia penseli." Nilikuwa nimesimama na kisahani cha chai. Akakipokea kisahani mkononi mwangu, akakiweka chini, akakunja karatasi na kuitia katika kisanduku anachowekea msahafu. Hakuniuliza lolote tena, wala hakuniambia naweza kwenda.

Kwa wiki tano nilisubiri aseme. Akikohoa kabla ya kuongea, narudisha tonge sahanini. Akimwita dada yake chumbani, naacha kufua nisikilize, na ninachosikia ni habari za dawa ya macho. Mara tatu nilijiandaa kumwambia Bi Mwanahawa mwenyewe, na mara zote tatu alinitukana kwanza, tusi tamu, nikashindwa. Nilikonda hata yeye akauliza kama mtumwa wake ana mimba. Kisha Mzee Salehe akafa. Jumamosi asubuhi nilimpelekea chai nikamkuta ameketi, kalamu mfukoni, ameondoka kimya kama karani aliyemaliza zamu.

Nyumba ilijaa. Majamvi yalitandikwa ukumbini, masufuria makubwa yakainjikwa uani, na yule fundi baiskeli alikuwa amesafiri kwao. Mtani aliyekuwepo ni mimi. Kabla ya alasiri Tabu alinifuata jikoni, macho yamevimba lakini ana kitu cha uchokozi usoni. Mkononi alikuwa na kofia ya mjomba wake, miwani na kalamu. "Mama kasema vaa," akaniambia. "Kaa mlangoni na daftari. Kila anayepita mwandike kabila, na umwandike vibaya. Na jeneza usilipishe mpaka useme nalo ni kabila gani." Nikaipokea ile kofia. Ilikuwa bado ina harufu ya mafuta yake ya nywele. Hapo ndipo nilipoelewa ninachotakiwa kufanya: kumcheza shere maiti aliyenitunzia siri, mbele ya watu wake, mimi nisiye na ruhusa hiyo. Mtani akifanya hivyo amezika. Mgeni akifanya hivyo amemtukana marehemu, na watu wa nyumba ile waliamini tusi kama hilo halimwachi mfiwa salama. Nikamwendea Bi Mwanahawa pale alipoketi na wanawake, nikapiga magoti, nikamwomba tutoke uani.

"Mama," nikamwambia, "mie si Mnyamwezi. Mie ni wa wale mnaowaita Mang'ati. Sina haki ya kumtania mzee."

Nilikuwa nimejiandaa kwa yote. Kufukuzwa, kupigwa, visu kufichwa. Alinitazama, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mwaka mzima nimekuita mtumwa," akasema. "Nimekunyang'anya kitana chako. Nimekutukania baba yako. Na wewe si mtani wangu?" Akashika kichwa. "Ya Rabi, mie nimemtukana mtoto wa watu. Nani atanipa radhi?" Akalia, na kilio kile hakikuwa cha kaka yake. Mwaka mzima nilijihesabu kuwa ninayekosa ni mimi. Kumbe kwa uongo wangu nilikuwa nampakulia yeye dhambi kila siku, naye anakula bila kujua. Nilitaka kumshika mkono, akaurudisha kwenye kanga yake kwa haya. Wanaume wakabeba jeneza. Likatoka mlangoni kwa takbiri, na hakuna aliyelizuia, hakuna aliyecheka, hakuna aliyemwigiza. Nilimsikia mama mmoja akinong'ona kwamba Salehe kaenda kama mtu asiye na watani. Neno hilo ninalo mpaka leo.

Niliporudi chumbani, kitana changu kilikuwa juu ya kitanda. Kimeoshwa. Siku tatu hatukuongea zaidi ya salamu, na aliniita "binti", kwa heshima, akanipakulia kwanza kama mgeni. Sijapata kuona heshima inayouma vile. Nikafunga mzigo wangu kwa mara ya pili mwaka ule. Siku ya nne, walipokuwa wakipanga vitu vya marehemu, Tabu aliikuta ile karatasi kisandukuni. Bi Mwanahawa alisoma herufi za msahafu tu, hivyo Tabu akasoma kwa sauti, na kuta zisizofika paa zikaniletea. Alipofika mstari wangu akasita, akasema hapa pembeni mjomba katia saini. Nikainuka nikaenda mlangoni kwao, sikuweza kujizuia. Ilikuwa saini yake ndogo kwa kalamu, kama makarani wanavyofanya neno lililokosewa linapofutwa na la kweli kuandikwa, ili anayesoma baadaye asilitilie shaka. Neno Mang'ati lilikuwa limepigwa mstari mmoja, ulionyooka.

"Kwa hiyo kaka alijua," akasema Bi Mwanahawa, bila kunitazama. Kisha akanitazama. "Nyie wenyewe mnajiitaje?"

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza hivyo. Nilisema Datoga, nikarudia polepole. Akalijaribu mdomoni, akalikosea, akalijaribu tena. Nikamwomba radhi, naye akaniomba mimi, tukawa tunaombana pale kama wajinga wawili mpaka Tabu akachoka. "Nyie si mmeshagombana?" akasema. "Siku tatu hamsemeshani. Na sasa mnapatana. Huo utani wa Wanyamwezi mlidhani ulianzaje?" Jioni nilipotoka kuoga sikukiona kitana changu. Nilikitafuta kitandani, sandukuni, dirishani. Kisha nikasikia mtu anakuna nazi uani, nikachungulia, nikakiona kichwani kwake. Nikafungua mzigo.

Bi Mwanahawa alipokufa, miaka mingi baadaye, watani wa Tabora walikuwa wengi, mimi nilijificha nyuma yao. Hivyo leo ni mara ya kwanza niko peke yangu. Nimefika Temeke saa tisa, bajaji imenishusha kwenye turubai. Nyumba imeezekwa upya, kuta sasa zina dari. Watoto wa Tabu wamenipa kanga yake, miwani yake na mkoba wake, na mtoto wa kwanza ananitambulisha kwa wageni: huyu ndiye mtani wetu, Wazaramo na Wadatoga ni watani toka enzi na enzi. Anasema kwa uhakika kabisa, ilhali mama yake mwenyewe aliuona utani huo ukianza. Sikumsahihisha. Nimevaa miwani, dunia imekuwa ukungu, nimeketi kizingitini nimenyoosha miguu kama alivyokuwa akiketi akimsubiri muuza samaki ili amlaumu. Jeneza limekuja. Mbele yangu kuna miguu ya wanaume na viatu vya vijana, na simu mbili zimeinuliwa. Nikasema kwa sauti ya Tabu ile ya puani, "Huyu mtumwa wangu mnampeleka wapi? Mvivu huyu, hata kufa kachelewa. Hatoki."

Nilisikia kijana mmoja akimuuliza mwenzake huyu bibi ana nini. Nikaona nimewakosea, nimemkosea Tabu, nimerudia kosa lilelile mbele ya kizazi cha pili, na safari hii sina hata pa kufunga mzigo. Kisha mtoto wa kwanza, aliyeshika mbele ya jeneza, macho mekundu, akainama kunitazama.

"Ondoka hapo, Mdatoga we," akasema. "Unanuka maziwa mpaka mama kaamua afe asikusikie."

Akacheka, kicheko kikageuka kilio, na nyuma yake wakacheka wote. Nikajiinua kwa kushika mlango, nikasogea, wakampitisha.